Kupandia Dirishani

Nimekulia Kimara, kwa hiyo kugombania gari nakujua vizuri. Nilipokuwa sekondari, kabla mabasi ya mwendokasi hayajaanza mwaka 2016, kituoni asubuhi ilikuwa vita. Daladala haijasimama sawasawa, begi langu limeshatangulia dirishani kuwekea siti, na mimi nafuata nyuma yake, viatu vya shule vikiwa hewani. Walioachwa ni wale waliosubiri mlangoni kwa ustaarabu: mjamzito, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye bahasha ya picha za eksirei anayekwenda Muhimbili. Gari likiondoka unawaona wanafuta vumbi usoni. Sisi wa dirishani tulikuwa tunacheka, na konda anacheka. Lakini sikumbuki hata mmoja wetu aliyewahi kuuita ule utaratibu.

Huku nilikokuja kusoma wanauita utaratibu.

Niko Leeds, kaskazini mwa England, nasoma shahada ya uzamili ya mipango ya usafiri. Maana yake nimetoka Dar es Salaam, mji wenye foleni, nikapanda ndege kwenda kujifunza foleni. Na foleni iliyonifundisha kuliko zote haina magari. Ni ya simu ya daktari, saa mbili kamili asubuhi.

Kwa asiyejua: Uingereza kila mkazi anajiandikisha kwenye kliniki ya mtaani kwake, kwa daktari wa familia, ambaye wenyewe wanamwita GP. Huyo ndiye mlango wa kila kitu. Huwezi kuamka ukaenda moja kwa moja kwa bingwa wa moyo au wa magonjwa ya wanawake. Lazima GP akuandikie. Kliniki yenyewe wanaiita surgery, neno ambalo mimi shuleni nilifundishwa ni upasuaji, kwa hiyo barua yao ya kwanza ilinitoa jasho bure. Sasa, kliniki nyingi zimezoea kufungua simu saa mbili kamili. Nafasi za siku hiyo wanapewa wanaowahi kupiga, mpaka ziishe. Zikiisha, unaambiwa piga kesho saa mbili. Waingereza wameshaupa mchezo huu jina, mbio za saa mbili, na Chama cha Labour kiliahidi katika ilani yake ya 2024 kuzikomesha na kumrudisha daktari wa familia. Huahidi kurudisha kitu ambacho hakijaondoka.

Nianze na langu, ingawa si kubwa kuliko yote.

Majira ya baridi yangu ya kwanza nilianza kuchoka kwa namna nisiyoijua. Ngazi za maktaba zikawa mlima. Siku zangu zilikuwa zinakuja nzito, siku nane, tisa, nalala juu ya taulo. Nikapiga simu. Saa mbili kamili, simu inatumika. Saa mbili na dakika moja, inatumika. Dakika ya nne ikaita: sauti ya mashine ikaniambia mimi ni wa thelathini na moja. Nikasubiri dakika arobaini, kipindi cha saa tatu kikinipita, mpaka dada wa mapokezi akapokea na kuniuliza kama ni dharura.

Hapa ndipo malezi yangu yaliponiponza. Mtoto wa Kiswahili akiulizwa hali yake hujibu kwanza kwamba hajambo, ndipo aseme anaumwa. "Sijambo, ila kichwa kinanisumbua kidogo." Hata mgonjwa wa kitandani hukujibu salama, kisha ndiyo akakueleza kwamba usiku hakulala. Hiyo "ila" ndiyo inayobeba ugonjwa wote, na kwetu msikilizaji anajua kuisubiri. Dada yule hakuisubiri. Aliniuliza kama ni dharura, nikasema hapana, si sana, ila nachoka. Akaandika hapana. Nafasi za leo zimekwisha, akasema, piga kesho saa mbili. Nikamwomba ya wiki ijayo. Nafasi za wiki ijayo bado hazijafunguliwa. Zitafunguliwa lini? Piga saa mbili.

Nilipiga asubuhi kumi na moja ndani ya wiki tano. Siku ya kumi na moja nilikuwa nimefundishwa na Mwingereza ninayekaa naye nyumba moja. Aliniambia, usiseme "kidogo", usiseme "samahani", sema nimeshindwa kupanda ngazi, sema naogopa. Nikasema. Nikapata nafasi siku hiyohiyo. Nilichukuliwa damu, na jioni daktari alinipigia mwenyewe akiniambia niende hospitali usiku ule: damu yangu ilikuwa 74 kwa vipimo vyao, yaani 7.4 kwa vya kwetu. Baadaye wakakuta uvimbe kwenye kizazi. Nilitundikiwa dripu ya madini ya chuma, nikapigwa ultrasaundi, nikatibiwa vizuri na watu wema, na sikutoa hata senti pale hospitali. Hilo lazima niliseme kwa haki. Ukishaingia, gari ni zuri. Ninachogombana nacho ni dirisha.

Najua kuna atakayesema: umetibiwa bure, shukuru. Binamu yangu aliniandikia hivyohivyo. Bure? Kabla sijapewa viza nililipa ada ya afya ya wahamiaji, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na kwa kuwa viza ya kozi ya mwaka mmoja huzidi mwaka, nikaongezwa nusu: jumla pauni 1,164. Ni karibu shilingi milioni nne, na mjomba wangu bado anakatwa mshahara kwenye SACCOS kwa ajili yake. Kwa hiyo na wale wanaosema foleni imeletwa na wageni, mimi mgeni risiti ninayo. Nililipia nafasi ambayo sikuipewa kwa asubuhi kumi.

Lakini mimi nilikuwa na simu yenye chaji, Kiingereza cha chuo kikuu, na mwenye nyumba mwenzangu wa kunifundisha kulia. Nina nguvu za kupanda dirishani. Ngoja nikueleze ya aliyebaki mlangoni.

Nafanya kazi ya usafi wa ofisi, saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili, kabla ya masomo. Nafanya na mama mmoja wa Bukavu, aliyeletwa hapa na watoto wake kama mkimbizi miaka mingi iliyopita. Mimi namwita Mama, yeye ananiita mutoto yangu. Kiswahili chake na changu vilichukua wiki mbili kuzoeana. Ana kisukari. Mwezi wa pili viatu vyake viliingia maji, vikamtoa kidonda pembeni mwa mguu, na kidonda hakikufunga.

Hebu fikiri saa zake. Saa mbili kamili ndiyo anazima mashine ya kufyonza vumbi. Simu iko kwenye kabati chini, na msimamizi wetu hapendi simu. Akifika kabatini ni saa mbili na dakika kumi, nafasi zimekwisha. Siku aliyofanikiwa kuwahi, aliyepokea hakumwelewa, naye hakuelewa, wakaagana kwa adabu. Nikapiga mimi kwa niaba yake, nikaambiwa lazima mwenyewe awepo atoe ruhusa kwa sauti yake. Tukaenda kwa miguu mpaka kaunta, nikijua kwamba kwetu ukifika na kidonda wazi hata mfagizi atakuita ndani. Tukaambiwa, kwa upole kabisa, kwamba miadi inatolewa kwa simu. Tupige kesho saa mbili. Tulikuwa tumesimama mita mbili kutoka kwa binadamu anayetuambia tumpigie simu. Tulipotoka nje Mama aliniuliza swali ambalo nimelibeba mpaka leo: "Mutoto yangu, batu ba hapa banagonjwaka na saa?"

Mfamasia alikisafisha, akakifunga vizuri, akasema mwone daktari wako haraka. Kila mtu alisema mwone daktari wako. Wiki ya nne alipata homa, mwanawe akampeleka hospitali idara ya dharura, na huko wakamkata vidole viwili vya mguu.

Siwezi kuapa kwamba ni simu iliyokata vidole vile. Kisukari ni kisukari, na huenda mguu ulikuwa umeshaharibika tangu mwanzo. Lakini wiki nne ninazo kichwani, najua zilivyotumika.

Sasa, mimi ni mtu wa usafiri, nitasema ninachokijua. Foleni haisababishwi na wingi wa magari peke yake. Unaweza kuitengeneza kwa makusudi: funga barabara zote usiku kucha, halafu zifungue kwa pamoja dakika moja. Ndivyo inavyofanywa hapa. Mwenye kidonda cha leo, mwenye kutaka kubadilishiwa dawa mwezi ujao, na mwenye wasiwasi tu, wote wanasukumwa kwenye dakika ileile, kisha tunashangaa kwamba simu inatumika. Na aliyekosa leo hapotei. Anarudi kesho, juu ya wagonjwa wapya wa kesho. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekuchorea hilo ubaoni.

Tena si mara ya kwanza nchi hii kujichongea hivi. Mwaka 2000 serikali iliweka lengo kwamba ifikapo 2004 kila mgonjwa aweze kumwona GP ndani ya saa 48. Lengo zuri. Kliniki zikatafuta njia rahisi ya kulifikia: zikaacha kutoa miadi ya siku za mbele. Kama hakuna miadi ya wiki ijayo, basi hakuna anayesubiri wiki. Aprili 2005, kampeni za uchaguzi zikiendelea, mwanamke mmoja alimweleza Tony Blair mbele ya kamera za BBC kwamba mwanawe ametakiwa kumwona daktari baada ya wiki moja na kliniki inakataa kumwandikia siku hiyo. Waziri Mkuu alishangaa, na ilionekana kwamba hakuwa na habari. Lengo lilifutwa mwaka 2010. Mazoea ya kukataa kuandika siku za mbele hayakufutika nalo, kwa sababu yana faida moja kubwa kwa anayetawala: watu waliokata simu hawahesabiki. Benchi lililojaa linaonekana na linaaibisha. Simu inayotumika haina sura.

Utaniambia madaktari hawatoshi. Ni kweli, na simwonei daktari hata chembe. England ina watu zaidi ya milioni 60 walioandikishwa kwenye kliniki hizi, na ukigawa kwa madaktari wa familia waliohitimu, kwa hesabu ya saa kamili za kazi, kila mmoja ana watu zaidi ya 2,200. Madaktari hao ni wachache kuliko walivyokuwa 2015, ilhali watu wameongezeka. Yule aliyenipigia jioni alikuwa bado kazini saa moja na nusu usiku, na dakika kumi ndizo alizopangiwa kwa kila mgonjwa tangu asubuhi.

Lakini sikiliza na hili. Kuanzia 2019 serikali ilitoa fedha za kuajiri watu wengine kwenye kliniki hizi, wafamasia, wataalamu wa viungo na kadhalika, kwa sharti kwamba fedha hizo zisimwajiri daktari. Kufikia 2024 kukawa na madaktari wa familia waliotoka kuhitimu wakitafuta kazi bila kupata, huku wagonjwa wao wakiwa kwenye simu wakiambiwa ni wa thelathini na moja. Oktoba 2024 ndiyo sharti likalegezwa kwa ajili yao. Yaani kituo kimejaa abiria, na madereva wenye leseni wamekaa kijiweni, kwa sababu bajeti ya nauli imeandikwa "makonda tu". Nchi iliyofanya hivyo haina haki ya kumwambia mgonjwa kwamba tatizo ni yeye kuugua mno.

Kuna daktari wa Wales, Julian Tudor Hart, aliyetibu wachimba makaa ya mawe katika kijiji cha Glyncorrwg. Mwaka 1971 aliandika kwenye jarida la Lancet kwamba matibabu mazuri hupatikana kwa uchache pale yanapohitajika kwa wingi, na aliita jambo hilo sheria ya matunzo yaliyopinduka. Niliisoma makala yake maktabani wiki ile Mama alipolazwa. Yeye alikuwa akizungumzia nguvu ya soko. Mimi naongeza kwamba huhitaji soko kuipindua huduma, hata saa ya ukutani inatosha. Sema tu kwamba huduma itagawiwa saa mbili kamili kwa simu, kwa Kiingereza, kwa anayejua kusema "naogopa" bila haya. Hujamtoza mtu senti, na umeshawapanga: wa ofisini mbele, wa usafi nyuma.

Kuanzia Oktoba 2025 kliniki za England zimetakiwa kuacha fomu ya mtandaoni wazi saa zote za kazi, ili maombi yasibanwe asubuhi. Siibezi hatua hiyo, angalau barabara inafunguliwa mapema. Lakini nimeijaza fomu ya aina hiyo. Inauliza maumivu yako ni mangapi kati ya kumi. Nilimsomea Mama swali hilo. Akafikiri sana, akasema watatu, kwa sababu alishazaa watoto watano na mmoja wao alimzaa wakiwa njiani wanakimbia. Hapo fomu ilihitaji mtu anayemjua.

Na hilo ndilo neno lililopotea katika "daktari wa familia". Familia. Mtu anayejua kwamba huyu mama akisema tatu ni nane, na kwamba huyu binti wa Kimara akisema sijambo, usubiri "ila". Mama ameonana na watu saba tofauti katika kliniki ileile, na kila mmoja alianza kwa kumuuliza kisukari kilianza lini. Wanorwe waliamua mwaka 2001 kwamba kila mkazi awe na daktari wake mwenye jina. Watafiti wao walipochunguza kumbukumbu za watu zaidi ya milioni nne, walikuta waliokaa na daktari mmoja zaidi ya miaka 15 walilazwa mara chache zaidi, na uwezekano wao wa kufa ulikuwa chini kwa karibu robo, ukilinganisha na waliokuwa na daktari wao kwa mwaka mmoja. Dawa yenye matokeo kama hayo ingetangazwa barabarani. Hii haina kiwanda, basi inauawa na ratiba.

Sitaki mtu anisome kana kwamba nawasifia kwetu. Bibi yangu alishinda kwenye mabenchi ya zahanati tangu alfajiri, na mwisho wa benchi hakukuwa na daktari, palikuwa na dirisha la malipo. Wapo waliofika dirishani wakageuka. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Sina cha kujivunia hapo. Ila kitu kimoja cha benchi lile nakitetea: muuguzi alikuwa anapita. Anatoka na faili mkononi, anatupa jicho mstari mzima, anasema huyu mtoto anapumua vibaya, mpisheni. Na watu wanapisha, hata waliofika saa kumi usiku, kwa sababu na wao wanamwona. Foleni inayoona inaweza kuhurumia. Ya simu haina macho, na imetengenezwa na nchi tajiri yenye uwezo wa kuyanunua.

Nalisema hili kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza, kwa sababu moja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa kwetu mwaka 2023, na wenzangu wengi ninaosoma nao kutoka Afrika Mashariki watarudi kukaa kwenye meza zinazopanga huduma hizi. Wataleta mifumo. Wataleta programu za simu, namba za foleni, "weka miadi kwa kubofya". Nawaomba kabla hawajaileta wajiulize muuguzi anayepita atakaa wapi kwenye programu hiyo. Nani atamwona mtu asiyejua kulalamika? Na nafasi ya wiki ijayo itakuwepo, au itafutwa ili takwimu zipendeze?

Mama amerudi kazini. Anatembea akiegemea upande mmoja, na amebadilishiwa zamu, anaanza saa tatu, kwa hiyo sasa saa mbili yuko huru. Jumanne iliyopita alitakiwa kufanyiwa vipimo vya sukari na alikuwa na kitu kipya kisiginoni alichotaka kionwe mapema. Nililala kwake. Saa moja na dakika hamsini na tano tulikuwa mezani jikoni, simu mbili, yangu na yake, zote kwenye spika. Nilikuwa nimemfundisha maneno ya Kiingereza usiku kucha: mguu, kisukari, vidole viwili, naogopa. La mwisho alilikataa. Alisema yeye haogopi, ametoka mbali, hawezi kuanza uongo leo kwa ajili ya simu. Nikamwambia, Mama, sema hivyohivyo.

Saa mbili kamili tukabonyeza pamoja. Yake ilikuwa inatumika. Yangu ikaita, mashine ikasema sisi ni wa ishirini na tatu, muziki ukaanza. Mama akaweka mguu juu ya kiti kingine, akamimina chai isiyo na sukari.